Undugu wa lugha za alama haufuati lugha za wanaosikia (uzi mrefu kidogo)

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam. Miaka michache iliyopita nilikuwa bandarini Kigoma nikisubiri mzigo, nikawaona vijana wawili viziwi wakijaribu kuelewana. Mmoja alikuwa mwenyeji wa hapo, na mwenzake alikuwa amevuka ziwa kutoka Kalemie, upande wa Kongo. Dakika za mwanzo walihangaika: huyu akitoa alama, yule anakunja uso na kutoa alama yake, kisha wote wawili wanacheka. Hatimaye yule wa Kalemie akainua mkono wa kulia usawa wa bega, akaliandika jina la mji wake hewani herufi moja moja, kwa vidole vya mkono mmoja tu, na mwenyeji wake akalisoma bila kusita, naye akaandika la kwake. Baada ya hapo mazungumzo yalifunguka.

Nilipouliza baadaye, nilijibiwa na mtu aliyesimama jirani kwamba "lugha ya mabubu ni moja dunia nzima". Kauli hiyo ina makosa mawili. Kwanza, kiziwi si bubu. Pili, lugha za alama ni nyingi, na nyingi kati yake hazielewani kabisa. Lipo pia kosa la tatu, ambalo nimelisikia hata kwa watu waliosoma, kwamba lugha ya alama ni lugha ya nchi husika iliyohamishiwa mikononi, yaani viziwi wa Uingereza na wa Marekani "wanaongea Kiingereza cha mikono". Ingekuwa hivyo, wangeelewana. Hawaelewani. Kiziwi wa London akikutana na kiziwi wa Boston, kila mmoja akashika lugha yake, watakwama, ilhali kiziwi wa Boston akienda Paris atakuta alama nyingi anazoweza kuzitambua.

Sababu ni kwamba lugha za alama zina nasaba zake zenyewe, na nasaba hizo zimepita njia ya shule. Anayetaka kujua lugha fulani ya alama imetoka wapi asiulize wazazi wa viziwi wale wanaongea nini. Aulize mwalimu wa kwanza wa shule yao alitoka wapi.

Mfano unaofahamika zaidi ni huu. Paris, kuanzia miaka ya 1760, padri Charles-Michel de l'Épée aliendesha shule ya viziwi iliyokuwa wazi kwa maskini. Mwaka 1815 Mmarekani mmoja, Thomas Hopkins Gallaudet, alisafiri kwenda Ulaya kutafuta njia ya kufundisha viziwi kwao. Alianzia Uingereza, ambako familia ya Braidwood ilikuwa na shule na mbinu iliyoifanya siri ya biashara. Masharti waliyompa hayakukubalika. Akiwa London alikutana na Sicard, mrithi wa de l'Épée, akaalikwa Paris. Mwaka uliofuata alirudi Marekani akiwa na mwalimu kiziwi, Laurent Clerc. Walikaa baharini siku 52, Clerc akijifunza Kiingereza kwa Gallaudet na Gallaudet akijifunza alama kwa Clerc. Tarehe 15 Aprili 1817 shule ilifunguliwa Hartford, jimbo la Connecticut, ikiwa na wanafunzi saba. Laiti akina Braidwood wangekuwa wakarimu, huenda leo alama za Marekani zingekuwa jamaa wa zile za London.

Hata hivyo Clerc hakukuta uwanja mtupu. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, ambako uziwi wa kurithi ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba hata wanaosikia waliongea kwa alama, kulikuwa na lugha yake tayari, na watoto wa kisiwa hicho wakapelekwa Hartford. Kulikuwa na jamii nyingine za namna hiyo, Henniker huko New Hampshire na bonde la Sandy River huko Maine. Alama za Marekani za leo zilizaliwa bwenini, kutokana na alama za Ufaransa alizokuja nazo Clerc na alama za watoto hao. Mtafiti James Woodward alipolinganisha alama zaidi ya 800 za Ufaransa na za Marekani katika miaka ya 1970, alikuta chini kidogo ya asilimia 60 zikiwa na asili moja. Kiwango hicho ni kikubwa mno kuitwa bahati, na ni kidogo mno kwa lugha mbili zilizoachana miaka 160 tu ikiwa moja ingekuwa mtoto safi wa nyingine.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja, na habari ya yule kijana wa Kalemie nitairudia.

Mchangiaji wa 2

Shukrani kwa uzi, mkuu. Nina shaka moja. Alama nyingi ni picha tu: "kunywa" ni mkono kuelekea mdomoni, "kulala" ni kiganja shavuni. Mtu yeyote angebuni vivyo hivyo. Sasa huo undugu unaupimaje? Si utakuta hata wa China na wa Brazil ni ndugu?

Mleta uzi

Swali lako ndilo linalowasumbua wanaisimu wenyewe, na ndiyo sababu fani hii ilichelewa. Katika lugha za kusema, neno "mti" halifanani na mti, hivyo ukikuta *mti*, *muti* na *omuti* katika lugha za Kibantu huna haja ya kuogopa kwamba kila kabila lilibuni peke yake. Katika alama, hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana alama za kunywa, kula, kulala na nyinginezo zinazojieleza hazina uzito kama ushahidi, na mtafiti makini huziondoa kwenye orodha au huzipa hesabu yake ya pembeni.

Kinachobaki kama ushahidi ni vitu ambavyo hakuna mtu angevibuni mara mbili. Tangu William Stokoe alipochapisha utafiti wake mwaka 1960, tunajua kwamba alama hugawanyika katika viungo vidogo: umbo la mkono, mahali inapofanyikia na mwendo wake, baadaye ukaongezwa uelekeo wa kiganja. Alama mbili zikikubaliana katika viungo hivyo vyote, na hakuna sababu ya kimaumbile ya kukubaliana, hapo ndipo unaposhuku kwamba zina babu mmoja.

Chukua alama ya Kimarekani ya "kutafuta". Vidole hupindwa na kidole gumba kukabiliana navyo, mkono ukawa umbo la herufi C, kisha huzungushwa mbele ya uso mara mbili tatu. Kwa nini C? Neno la Kiingereza la kutafuta halianzi na C. Umbo hilo linaeleweka pale tu unapokumbuka kwamba Kifaransa husema *chercher*. Vivyo hivyo alama ya "mia" ina mkono wa C, na Kifaransa husema *cent*, ingawa hapo mtu anaweza kubisha kwamba ni C ya tarakimu za Kirumi, nami sitagombana naye. Hiyo ya kwanza ndiyo isiyo na mjadala. Ni alama ya kuzaliwa: Mmarekani anaibeba mkononi kila siku na wengi hawajui imetoka wapi.

Ushahidi mwingine ni mabadiliko yenyewe, maana lugha zinazokua hubadilika kwa utaratibu. Kati ya 1910 na 1920 chama cha viziwi cha Marekani kilipiga filamu za wazungumzaji hodari, akiwemo George Veditz mwaka 1913, kwa hofu kwamba lugha yao ingepotea. Filamu hizo zimekuwa hazina. Nancy Frishberg alizilinganisha na alama za miaka ya 1970, akaona mwelekeo ulio wazi: alama za mikono miwili zinazofanyika usoni hupunguzwa kuwa za mkono mmoja, za kifuani hupata mkono wa pili, na zote husogea taratibu kuelekea katikati ya mwili. "Kusaidia" zamani ilikuwa kiganja kimoja kikishika kiwiko cha mkono wa pili, kama unavyomshika mzee anaposhuka ngazi. Leo kiganja kimehamia chini ya ngumi, kiwiko kimesahaulika, na picha ya mzee imefutika. Anayeijua njia hiyo anaweza kuirudi kinyumenyume na kuona alama mbili zisizofanana leo zilikutana wapi.

Mchangiaji wa 3

Samahani, lakini naona uzi unatuambia kwamba mapadri wa Ulaya ndio waliowapa viziwi lugha. Hili si jambo la kulipitisha kimya kimya.

Mleta uzi

Una haki ya kuhoji. De l'Épée hakuwapa lugha. Aliwakuta dada wawili viziwi Paris wakiwasiliana kwa alama, na kutoka hapo akajifunza na kuongeza alama zake za kubandika sarufi ya Kifaransa, ambazo zilikuwa nzito na zilikuja kuachwa. Shahidi mkubwa ni kiziwi mwenyewe, Pierre Desloges, fundi wa kujalidi vitabu, aliyechapisha kitabu mwaka 1779 akieleza kwamba viziwi wa Paris, wasiowahi kuingia darasa lolote, walikuwa wakijadili kwa alama kila jambo la mjini. Shule haikuumba lugha. Ilikusanya watu, na watu wakikusanyika vya kutosha lugha haizuiliki.

Ndivyo ilivyotokea Managua, Nikaragua, shule za viziwi zilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970: walimu walitaka watoto wasome midomo, watoto wakaunda lugha yao uwanjani na ndani ya basi la shule, lugha isiyo na mzazi yeyote. Na Afrika tunayo Adamorobe, kijiji cha Ghana chenye uziwi wa kurithi, ambacho lugha yake ya alama haitokani na Paris, wala London, wala Hartford. Lugha hizi ni mayatima kwa maana nzuri ya neno: zimejizaa. Jambo la kusikitisha ni kwamba watoto wa Adamorobe wanapopelekwa shule za bweni hurudi na alama za Ghana ya mjini, zenye asili ya Marekani, na ile ya wazee inasogezwa pembeni.

Mchangiaji wa 4

Na hao Waingereza, ambao hawamo kwenye ukoo wa Paris, wana ndugu?

Mleta uzi

Wanao, na ni ndugu wa karibu kuliko wale wa Paris walivyo kati yao. Shule za Sydney na Melbourne zilifunguliwa mwaka 1860, zote mbili na wanaume viziwi kutoka Uingereza: Thomas Pattison na Frederick Rose. Leo alama za Uingereza, Australia na New Zealand zinakaribiana kiasi kwamba Trevor Johnston alipendekeza zihesabiwe kuwa lahaja za lugha moja. Kitambulisho chao cha haraka ni alfabeti ya mikono miwili: irabu huguswa kwenye ncha za vidole vya mkono wa pili, A kwenye gumba, E kwenye cha shahada, I kwenye cha kati, O kwenye cha pete, U kwenye kidogo. Ukimwona mtu anagusa vidole vyake hivyo, umeshajua nusu ya historia ya shule yake.

Hapo jirani kuna kituko. Ireland ilichukua alama zake Ufaransa kupitia watawa, kwa shule za Kikatoliki za Cabra, Dublin. Masista wa Kidominika kutoka Ireland wakazipeleka Australia mwaka 1875, na miongoni mwao alikuwamo sista kiziwi. Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo kiziwi Mkatoliki na kiziwi Mprotestanti wa nchi moja, Australia, walikuwa na alama za koo mbili tofauti. Dini iligawa mikono.

Asia nako kuna ukoo wake: Japani, Korea na Taiwani. Hapo njia ilikuwa ukoloni. Taiwani ilitawaliwa na Japani kuanzia 1895 hadi 1945, na shule za viziwi za Tainan na Taipei zilianzishwa wakati huo. Moja ilipata walimu wenye alama za Osaka na nyingine za Tokyo, na tofauti hiyo imeonekana kwa viziwi wa kusini na wa kaskazini ya kisiwa miaka mingi baadaye. Katika lugha zote tatu, kidole gumba kilichosimama ni mwanamume na kidole kidogo ni mwanamke, na alama za ndugu na ndoa zinajengwa juu ya vidole hivyo viwili. Kichina cha kusema cha Taiwani hakina mkono katika hilo.

Mchangiaji wa 5

Mimi ni mkalimani, na nimelelewa na wazazi viziwi upande wa Kenya. Naomba nichangie kidogo kuhusu kwetu, kwa sababu nimeona watu wakisema Lugha ya Alama ya Kenya ni "ya Kimarekani". Shule za mwanzo, zikiwamo Mumias na Nyang'oma, zilianza wakati ambapo walimu walitaka watoto watamke, wasitumie mikono. Alama zilikua usiku mabwenini. Waamerika wa kujitolea walikuja baadaye na alfabeti yao na alama zenye herufi za mwanzo za Kiingereza, nasi tukakopa. Lakini kukopa si kuzaliwa. Kiswahili kimekopa *kitabu* na *meza*, na bado ni cha Kibantu. Mama yangu anaweza kumtambua Mmarekani kwa alama zake kabla hajaandika jina lake. Tangu Katiba ya 2010, lugha yetu ni moja ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na ningependa iheshimiwe kwa jina lake.

Mleta uzi

Ahsante sana, dada, na mfano wako wa *kitabu* nitauiba. Umegusa mahali ambapo mchoro wa mti unashindwa. Katika lugha za kusema, mtoto hupokea lugha kwa mama, mama kwa bibi, na mti unachorwa vizuri. Watoto viziwi walio wengi sana huzaliwa na wazazi wanaosikia. Lugha huipokea kwa mtoto mwenzao aliyetangulia darasa moja. Shule ikifungwa, tawi limekatika; mwalimu mgeni akiingia, tawi la mbali limeunganishwa. Tanzania ni ushahidi: shule ya kwanza ilianza Tabora mwaka 1963, nyingine zikafuata chini ya waendeshaji tofauti, na watu wazima waliosoma shule mbalimbali wamekuwa wakitofautiana alama za vitu vya kila siku, wakiwa raia wa nchi moja.

Mchangiaji wa 2

Nimekubali kuhusu asili. Lakini mbona nikitazama wakalimani wa televisheni za nchi mbalimbali naona kama wanafanana: nyusi zinapanda, mkono unatupwa kulia na kushoto?

Mleta uzi

Wanafanana kweli, ila kufanana huko si kwa ukoo. Karibu kila lugha ya alama iliyochunguzwa huitumia nafasi iliyo mbele ya mwili kama sarufi. Ukitaka kusema "nakupa", kitenzi huondoka kwangu kuja kwako. "Unanipa", mkono uleule huondoka kwako kuja kwangu, bila kiwakilishi chochote. Sisi tunabandika *ni-* na *ku-* mbele ya kitenzi, wao wanabadilisha mwelekeo. Nyusi kupanda kwa swali la ndiyo au hapana hukutwa katika koo nyingi. Haya yanatokana na macho na mikono, kama vile lugha nyingi za kusema zilivyo na sauti *m* bila kuwa ndugu. Mchunguzi wa nasaba huyaweka kando na kutafuta yale ya ajabu, kama ile C ya kutafuta.

Kwa wanaopenda hesabu: mwaka 2020 Justin Power na wenzake walilinganisha kwa kompyuta alfabeti za vidole 76, 40 za leo na 36 za kale, wakapata koo sita za Ulaya: tatu kubwa za asili ya Austria, Uingereza na Ufaransa, na tatu ndogo zinazozunguka Urusi, Hispania na Uswidi. Huo wa Uswidi unanifurahisha, kwa sababu Ureno imo: Pär Aron Borg, mwanzilishi wa shule ya Stockholm ya 1809, alikwenda Lisbon miaka ya 1820 kuanzisha shule. Nani angetarajia kukuta Mreno na Mswidi katika ukoo mmoja kwa kusikiliza lugha zao za kusema? Tahadhari ni kwamba alfabeti si lugha. Inaweza kuhama peke yake, kama hati za Kiarabu zilivyokuja pwani yetu bila Kiswahili kugeuka Kiarabu.

Mchangiaji wa 3

Na kijana wa Kalemie?

Mleta uzi

Nilikuwa namngojea mtu aulize. Andrew Foster, Mmarekani mweusi kutoka Alabama aliyepoteza usikivu utotoni, alihitimu Gallaudet, chuo cha viziwi huko Marekani, mwaka 1954, mtu mweusi wa kwanza kupata shahada hapo. Miaka mitatu baadaye alikuwa Accra akifungua shule. Hadi alipofariki mwaka 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika, na aliwaleta Waafrika viziwi pamoja kwa mafunzo ya ualimu, wakarudi kwao na kufungua nyingine. Alifundisha kwa alama za Marekani, katika miaka ambayo shule nyingi za bara hili ziliwachapa watoto mikono kwa kuzitumia.

Nchi nyingi kati ya hizo, Kongo ikiwamo, zinafundisha kwa Kifaransa. Walimu wakalazimika kuzirekebisha alama: nyingine zilizobeba herufi ya mwanzo ya neno la Kiingereza zilibadilishwa umbo la mkono zifuate neno la Kifaransa. Lakini ile ya kutafuta haikuhitaji marekebisho. Iliondoka Paris na Clerc mwaka 1816 ikiwa na C ya *chercher*, ikakaa Marekani miaka 140 ambako herufi hiyo haikuwa na maana kwa mtu yeyote, na mwalimu akiifundisha leo katika darasa la Kifaransa, mtoto anaweza kuiandika ubaoni chini ya neno lake na herufi ikalingana.

Yule kijana aliniambia, kwa kuandika kwenye karatasi ya risiti, kwamba mwalimu wake wa kwanza alikuwa kiziwi aliyefundishwa na kiziwi. Nilimuuliza huyo wa juu naye alifundishwa na nani. Akaandika: "Sijui, ila alitoka mbali."